Joto la ekzosi kwenye dizeli yenye turbo: geji ikipanda, anzia wapi?

Geji ya maji huchelewa. Injini iliyobeba mzigo inaweza kupanda mlima kwa dakika tano huku pistoni zikiteseka, na sindano ya maji isisogee hata kidogo. Joto la moshi wa ekzosi halisubiri hivyo. Ukikanyaga pedali linapanda ndani ya sekunde chache, ukiachia linashuka. Ndiyo maana madereva wa malori, watu wanaovuta trela na mafundi waliokwisha kutoa pistoni yenye tundu huitegemea geji ya joto la ekzosi kuliko nyingine yoyote.

Ila ikishafungwa, maswali huanza, na mengi ni yale yale. "Nikipanda mlima inafika 720, je, ni hatari?" "Mwezi uliopita barabara hii nilikuwa na 400, leo 530, na sijagusa kitu." "Inaonyesha 180 hata nikiwa na mzigo kamili." Maelezo haya yamepangwa kwa dalili hizo. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia, na ukaguzi usiohitaji gharama umetangulia kazi ya kufungua vyuma.

Kabla ya yote shika jambo moja, kwa sababu utatuzi wote unategemea hilo. Nguvu ya dizeli hupimwa kwa mafuta, si kwa hewa. Injini huvuta hewa yote inayoipata, kisha pampu au kompyuta huamua dizeli kiasi gani iingie. Kilo 1 ya dizeli huhitaji takriban kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, na dizeli iliyo salama hupata hewa nyingi zaidi ya hapo. Ile hewa ya ziada ndiyo inayopoza. Ikipungua, joto linapanda. Waliozoea petroli huchanganyikiwa hapa, kwa kuwa petroli ikipungukiwa mafuta kidogo ndipo huchemka. Kwenye dizeli, mafuta yakipungua joto linashuka. Kwa hiyo swali la kwanza kila mara ni hili: hewa imepungua, au dizeli imezidi?

Nambari zenyewe

Nambari hizi ni za sensa iliyofungwa kabla ya turbo (feni inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa kwenye injini), kwenye manifoldi ya ekzosi (bomba la matawi linalokusanya moshi wa silinda), kwa nyuzi za Selsiasi. Gari limesimama injini inaunguruma: 100 hadi 200. Mwendo wa kawaida kwenye tambarare bila mzigo mkubwa: 250 hadi 400, pengine 450 kwa gari zito. Mlima na mzigo: 550 hadi 680. Kwa injini ambayo mtengenezaji wake hakutoa nambari, mafundi wengi huweka 680 hadi 700 kuwa mpaka wa kukaa kwa muda mrefu, na 750 kuwa kitu cha kuguswa kwa sekunde chache, kama wakati wa kupita gari lingine, kisha unaachia.

Ikiwa sensa yako imefungwa baada ya turbo, usizisome nambari hizo kama zilivyo. Turbo hula sehemu ya joto ili izunguke, na chini ya mzigo tofauti huwa nyuzi 100 hadi 200. Mpaka wa 700 mbele ya turbo unaweza kuonekana kama 500 au 550 nyuma yake. Nimeona watu wakibishana kwa muda mrefu kuhusu gari lipi lina afya, kumbe mmoja anapima mbele na mwenzake anapima nyuma.

Injini nyingi mpya za magari madogo zimeundwa kuvumilia zaidi. Baadhi hupita 800 mbele ya turbo kwa nguvu kamili, zikiwa zimetoka kiwandani hivyo, kwa kuwa pistoni, valvu na turbo vilichaguliwa kwa kazi hiyo. Ukiwa na nambari ya mtengenezaji, fuata hiyo. Lakini usichukue mpaka wa injini mpya ukauweka kwenye injini ya zamani iliyoongezewa turbo baadaye.

Kwa nini 700? Alumini safi huyeyuka kwenye 660, na aloi za pistoni zenye silikoni huanza kulegea na kuyeyuka chini ya hapo, karibu na 570. Pistoni haiyeyuki papo hapo geji ikisoma 700, kwa sababu oili inayorushwa chini yake, ringi zinazogusa silinda na hewa baridi inayoingia kila mzunguko huipoza. Kilele cha pistoni yenye afya hubaki karibu na 300 hadi 350. Hatari ni muda. Moto ukizidi uwezo wa kupoza kwa dakika nyingi mfululizo, kilele hupanda polepole hadi chuma kinapoteza nguvu. Sekunde 10 za 740 si sawa na dakika 10 za 740.

Geji inasoma vitu visivyoeleweka

Anza hapa hata kama unaamini geji yako. Kufungua turbo kwa sababu ya waya uliounganishwa vibaya ni hasara inayoumiza.

Sensa ya joto la ekzosi ni themokapo, kwa kawaida ya aina K: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821, kwamba metali mbili zikipashwa moto kwenye maungio huzalisha umeme kidogo. Ni kidogo kweli: takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi 1. Kwa umeme mdogo namna hiyo, kila kiungo cha waya kina maana.

Sindano ikirudi nyuma joto linapopanda, nyaya zimebadilishwa. Rangi ndizo zinazowaponza watu. Kwa viwango vya Marekani, waya mwekundu wa themokapo ni *hasi*, na wa njano ni chanya. Kwa viwango vya kimataifa, kijani ni chanya na cheupe ni hasi. Fundi wa umeme wa magari aliyezoea nyekundu kuwa chanya atakosea bila kujua. Usipokuwa na uhakika, chukua sumaku: waya unaonaswa na sumaku ndio hasi.

Geji ikisoma chini kuliko inavyotarajiwa, kwanza uliza kama kuna mtu alirefusha waya kwa shaba ya kawaida. Hairuhusiwi. Waya wa kurefushia lazima uwe wa aina K ileile. Tuseme kiungo cha shaba kiko karibu na injini kwenye nyuzi 70 na geji iko ndani ya gari kwenye 30; geji itakudanganya kwa nyuzi 40, na itakudanganya kuelekea upande wa hatari, yaani itaonyesha kuna usalama ambao haupo. Chanzo cha pili ni ncha ya sensa isiyofika katikati ya mkondo wa moshi. Ncha iliyojificha ndani ya ukuta wa manifoldi hupima chuma. Cha tatu ni ncha nene: ya milimita 6 huchelewa sana kuliko ya milimita 3, kwa hiyo kilele cha joto kinapita kabla haijakiona.

Sindano ikirukaruka, tikisa kiunganishi cha nyaya injini ikiwa inaunguruma. Mtetemo hulegeza skrubu ndogo za pale. Usipoona kitu, huenda ncha imepasuka.

Kipimo rahisi cha uhakika: chomoa sensa ikiwa baridi, itumbukize kwenye maji yanayochemka. Usawa wa bahari isome karibu na 100. Ukiwa juu, toa takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Ikisoma 60 au 140, acha kulaumu injini.

Simama hapa kama unataka kutoboa manifoldi ili kufunga sensa mpya mbele ya turbo na hujawahi. Vipande vya chuma vikidondokea ndani huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Njia salama ni kuishusha manifoldi na kuitoboa juu ya meza. Na sensa ya zamani ambayo ganda lake limeliwa na moto ibadilishe, maana ncha ikikatika inafuata njia hiyohiyo.

Joto linapita mpaka mlimani au ukivuta mzigo, kwingine ni sawa

Haya ndiyo malalamiko ya kwanza kwa wingi, na mara nyingi chanzo ni mguu na gia.

Dereva anapanda kwa gia kubwa, mizunguko 1,500 kwa dakika, pedali imefika sakafuni. Kila mzunguko unapokea dizeli nyingi, turbo haijapata kasi ya kutosha, hewa ni haba. Geji inapanda: 600, 650, 700. Anaona kubadilisha gia ni kuitesa injini kwa kelele. Kinyume chake ndicho kweli. Shuka gia moja, mizunguko ifike 2,200 au 2,500, kwa lori zito iwe ile inayopendekezwa kwenye kitabu chake. Sasa pampu ya maji inazunguka haraka, turbo inasukuma hewa, na dizeli inayoingia kwa kila mzunguko ni kidogo. Kwa mlima uleule na kasi ileile mara nyingi utaona nyuzi 50 au zaidi zikishuka. Usipoona, punguza kasi. Fanya jaribio hili kabla ya lolote. Likiponya, injini yako haina ugonjwa.

Chanzo cha pili ni mwinuko wa nchi wenyewe. Kwenye mita 2,000 juu ya bahari shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 20. Turbo hujaribu kufidia, lakini hufanya kazi zaidi na hewa inatoka humo ikiwa moto zaidi. Gari lililokuwa na 640 pwani linaweza kuonyesha 690 kwenye milima mirefu, bila kitu chochote kuharibika. Kubali hilo, endesha polepole zaidi.

Cha tatu ni intakula, kipozea hewa inayotoka kwenye turbo. Hewa ikibanwa na turbo hadi presha ya bar 1 hupita nyuzi 100 kwa urahisi hata siku isiyo ya joto kali. Kazi ya intakula ni kuirudisha karibu na joto la nje. Kila nyuzi inayobaki kwenye hewa inayoingia hujitokeza tena kwenye ekzosi, nyuzi moja kwa moja na pengine zaidi. Angalia mapezi yake kwa mbele: tope, wadudu, majani, mapezi yaliyolala. Yaoshe kwa maji ya presha ndogo, usiyapinde. Ikiwa unaweza kupima, hewa inayotoka intakula kwenye barabara kuu haipaswi kuzidi joto la nje kwa zaidi ya nyuzi 25 hivi. Ndani yake pia hukusanya oili kutoka turbo. Fungua hozi ya chini, uone. Unyevu kidogo wa oili ni kawaida. Oili ya kumwagika si kawaida.

Cha nne, ambacho watu hawapendi kukisikia, ni programu ya kompyuta iliyobadilishwa ili kuongeza nguvu, au skrubu ya pampu iliyokazwa. Ikiwa joto lilianza kuvuka mpaka wiki hiyohiyo ulipoongezewa nguvu, umepata jibu. Hakuna chujio la hewa litakalolitibu. Rudisha mipangilio ya kiwandani, au mwambie aliyeitengeneza apunguze dizeli kwenye mizunguko ya chini, ambako turbo bado haijaamka.

Joto liko juu na presha ya turbo iko chini

Bila geji ya presha ya turbo, geji ya joto inakupa nusu ya habari. Kama una moja, nunua ya pili, au pima kwa mashine ya kompyuta. Mchanganyiko huu wa joto juu na presha chini unasema waziwazi: hewa haifiki.

Kagua chujio la hewa kwanza. Lifungue, litazame kwenye mwanga. Usilipulize kwa kompresa kutoka nje kuelekea ndani. Angalia pia bomba la kuvutia hewa kabla ya chujio. Matambara, mifuko ya plastiki na viota vya panya vimeshatolewa humo.

Kisha hozi kati ya turbo, intakula na injini. Hapa ndipo kosa lilipo mara nyingi kuliko turbo yenyewe. Pitisha mkono chini ya kila hozi injini ikiwa baridi. Alama ya oili yenye vumbi jeusi kwenye kiungo kimoja ni mdomo wa mahali hewa inapotokea. Klipu iliyolegea hufunga vizuri gari likiwa limesimama, kisha hufunguka turbo inapopata nguvu. Dereva husikia filimbi au mvumo mpya anapokanyaga. Kupima kwa kujaza hewa kutoka kompresa kunafaa, ila usizidishe presha ya kawaida ya turbo yako na usisimame mbele ya kizibo, kwani kinaweza kuruka na kuvunja uso.

Hozi zikiwa sawa, tafuta uvujaji *kabla* ya turbo, upande wa moto: ufa kwenye manifoldi, gasketi iliyoungua, boliti iliyokatika. Turbo huzungushwa na moshi huo, ukivuja haizunguki vya kutosha. Alama yake ni masizi meusi yaliyojichora kwenye chuma, na sauti ya tik-tik injini ikiwa baridi ambayo hupungua chuma kikipanuka.

Baada ya hapo ni udhibiti wa turbo. Westigeti, mlango mdogo wa kupunguzia presha ya turbo, ikikwama wazi hupitisha moshi pembeni. Turbo yenye vibao vinavyobadilika hujaa masizi, vibao vikagoma. Vikikwama wazi hupati presha mizunguko ikiwa chini, vikikwama vimefungwa presha inazidi na moshi unakosa njia ya kutoka. Kagua vihozi vyembamba vya vakumu, ni bei ndogo na hupasuka. Mwombe mtu awashe injini huku ukitazama kama mkono wa kuvuta vibao unasogea vizuri bila kukwaruza.

Simama hapa kama shafti ya turbo inacheza juu na chini kiasi cha mapanga kugusa ganda, kama mapanga yamelika, au kama kuna oili nyingi upande wa hewa. Usiliendeshe gari hilo. Nitarudi kwenye sababu.

Joto pamoja na moshi mweusi

Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa. Yote yaliyotajwa juu ya presha ndogo yanaingia hapa, kwa hiyo yamalize kwanza.

Ikiwa presha ya turbo ni nzuri na moshi bado ni mweusi, mshukiwa wa kwanza ni valvu ya EGR iliyokwama wazi. Inarudisha moshi ndani wakati injini inahitaji hewa safi. Fungua uangalie, ikiwa imejaa masizi mazito, isafishe, na hakikisha inafunga kabisa.

Mshukiwa wa pili ni nozeli, ile inayorusha dizeli ndani ya silinda. Nozeli iliyochoka hairushi ukungu, inamwaga matone. Matone huungua polepole, yanaendelea kuwaka hadi valvu ya ekzosi ifunguke, na mara nyingine humwagikia mahali pamoja pa pistoni kama mwali wa kulehemu. Hivyo ndivyo tundu hupatikana. Dalili za kusindikiza: mgongano wa "kaka-kaka" wa silinda moja, ulaji mkubwa wa dizeli, mtetemo gari likiwa limesimama.

Simama hapa. Kwenye injini za komoni reli (bomba moja la presha linalolisha nozeli zote) dizeli inasafiri kwa presha ya bar 1,600 hadi 2,000 na zaidi. Usilegeze bomba lolote la presha injini ikiwaka, na kamwe usitafute uvujaji kwa kidole. Mchirizi usioonekana hutoboa ngozi, na jeraha dogo kama tundu la sindano linaweza kumgharimu mtu mkono. Aliyechomwa hivyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama haoni maumivu. Nozeli zipimwe na fundi mwenye mashine yake.

Presha ni nzuri, moshi mweusi hakuna, lakini joto linapanda

Hii ni ngumu kidogo. Sababu ya kawaida ni ekzosi iliyoziba: chujio la masizi lililojaa, kikatalisti kilichoyeyuka, bomba lililobonyea baada ya kugonga jiwe, au breki ya ekzosi ya lori iliyokwama nusu. Moshi moto usiopata njia unabaki kwenye silinda na kupasha kila kitu. Dereva hueleza kuwa gari "limebanwa", halitaki kupanda mizunguko ya juu.

Inayofuata ni taimingi. Dizeli ikirushwa kwa kuchelewa, moto unaendelea kuwaka wakati wa kutoka badala ya kusukuma pistoni. Nguvu inapungua, joto la ekzosi linapanda, na asubuhi injini ikiwa baridi unaona moshi mweupe wenye kuuma macho. Kama gari limetoka kubadilishwa mkanda wa taimingi au pampu, rudi kwa fundi huyo kabla ya kutafuta kwingine. Usiirekebishe mwenyewe kwa kukisia: ukiipeleka mbele kupita kiasi joto la ekzosi litashuka na geji itakupendeza, huku presha ndani ya silinda ikipanda hadi kupasua gasketi au pistoni. Geji hii haioni hatari ya aina hiyo.

Mara chache zaidi ni valvu za ekzosi zenye tapeti zilizobana. Valvu haifungi kabisa, inavuja moto. Kipimo cha kompresheni kitasema.

Joto linapanda ukitembea taratibu kabisa

Gari lenye chujio la masizi, lile mafundi wanaloliita DPF, hujisafisha lenyewe kila baada ya safari kadhaa. Kompyuta huongeza dizeli kwa makusudi ili masizi yaungue kwa nyuzi 600 hivi. Ukiona joto la nyuma ya turbo limepanda ghafla bila mzigo, feni inazunguka, ulaji umeongezeka, na baada ya dakika 10 au 20 yote yanatulia, hakuna ugonjwa. Liache limalize. Usizime katikati, na usiegeshe juu ya nyasi kavu.

Ikitokea kila siku, chujio limechoka au nozeli zinatoa masizi mengi. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa kiwango *kimepanda* na oili inanuka dizeli, usiendelee. Oili iliyochanganyika na dizeli haitunzi beringi, na ikizidi inaweza kuvutwa na injini kama mafuta ya kuwakia.

Joto liko chini na gari halina nguvu

Watu hulifurahia joto dogo. Lakini 400 mlimani na pedali sakafuni maana yake dizeli haifiki. Chujio la dizeli lililoziba ndilo la kwanza, kisha hewa kwenye mabomba, kisha kompyuta iliyojipunguzia nguvu kwa kujilinda. Taa ya injini itawaka. Badilisha chujio, toa maji chini yake, soma misimbo ya hitilafu kwenye kompyuta. Pampu ni ya mwisho.

Umeshapita mpaka

Ikitokea mlimani, usizime injini kwa hofu. Punguza pedali, shuka gia, tafuta mahali salama, iache iungurume. Oili ndiyo inayopoza beringi za turbo; ukizima turbo ikiwa nyekundu, oili iliyobaki humo huungua na kuwa mkaa. Subiri hadi geji ishuke chini ya 200. Dakika moja hadi tatu hutosha, na ikiwa kilomita ya mwisho uliitembea polepole, kazi imeshafanyika.

Kisha siku chache zinazofuata tazama haya: injini kupumua sana ukifungua kifuniko cha oili, moshi wa bluu, maji ya rejeta kupungua bila uvujaji unaoonekana, hozi za rejeta kuwa ngumu mapema asubuhi baada ya kuwasha, silinda moja kukosa. Kama una kipimajoto cha kulenga kwa mbali, washa injini ikiwa baridi na upime kila tawi la manifoldi. Tawi linalochelewa kupata joto ni la silinda isiyofanya kazi vizuri. Ukiona hata dalili moja kati ya hizi, gari livutwe. Pistoni iliyopasuka kilele inaweza kutembea wiki moja, kisha ikavunja silinda.

Na sasa ile sababu ya turbo inayovuja oili. Oili ikiingia kwa wingi upande wa hewa, injini huiunguza kama mafuta. Injini inapanda mizunguko yenyewe, moshi mzito unatanda, ukizima swichi haizimiki, kwa kuwa haihitaji tena pampu. Kwa gari la gia za mkono, kanyaga breki kabisa, weka gia ya juu kabisa, achia klachi ili izimike. Vinginevyo njia pekee ni kuinyima hewa, kwa kizima moto cha kaboni dioksidi kwenye mdomo wa kuvutia hewa. Usizibe kwa mkono, itauvuta. Kama huwezi kwa sekunde chache, waondoe watu na ukae mbali, maana vyuma huruka.

Ukimpelekea fundi gari, mpelekee nambari pia: sensa imefungwa mbele au nyuma ya turbo, joto la juu ulilolisoma na lilikaa dakika ngapi, presha ya turbo wakati huo, gia na mizunguko, rangi ya moshi, na kitu cha mwisho kilichoguswa kwenye injini kabla tatizo halijaanza. Andika kwenye karatasi ungali barabarani, kabla kumbukumbu haijachanganya 680 na 780.